Aplike ya mashine inajikunja kwenye fulana baada ya kufuliwa: nirekebishe wapi?

MpendaNakshi (swali)

Ndugu mafundi, naomba msaada wenu kuhusu aplike ya mashine, yaani kupamba nguo kwa kipande cha kitambaa kilichokatwa umbo fulani na kuzungushiwa mshono mzito wa satini (zigizaga iliyobanana). Ninatumia mashine ya kutarizi ya nyumbani yenye fremu ya milimita 130 kwa 180, na nguo ninazozipamba kwa sasa ni fulana za pamba za watoto. Michoro yangu ni ya maumbo makubwa yasiyo na mambo mengi ndani: samaki, nyota, jani, na herufi ya kwanza ya jina la mtoto.

Ninaweka tabaka moja la kiimarisho (karatasi au kitambaa cha kuishikilia nguo isisogee wakati wa kushona) cha kuchana kwa mkono chini ya fulana, ninavikaza vyote viwili ndani ya fremu mpaka fulana inyooke kama ngozi ya ngoma, kisha ninaiacha mashine ishone. Kazi ikiwa bado ndani ya fremu hupendeza sana. Nikiitoa, fulana huanza kuinuka kidogo kidogo pembezoni mwa kiraka, na baada ya kufuliwa mara ya kwanza mawimbi hulizunguka umbo lote kiasi kwamba hata pasi haiyaondoi. Nilidhani mshono ulikuwa mwepesi mno, kwa hiyo nikazisogeza nyuzi za satini karibu zaidi, lakini hali ikazidi kuwa mbaya.

Kuna mengine mawili yanayonisumbua. Nyuzi za kiraka huchomoza nje ya satini, hasa kwenye ncha za nyota na mapezi ya samaki; na upande wa ndani wa nguo hukwaruza ngozi hata mtoto akakataa kuivaa. Ningependa pia kujua kama mchoro huohuo wa fulana unaweza kuwekwa mgongoni mwa koti la jinzi bila kubadilishwa chochote.

UziMrefu

Ndugu MpendaNakshi, umeeleza kwa uwazi, na maelezo yako yanatosha kuonyesha chanzo. Fulana imevutwa kabla ya kushonwa. Kitambaa cha fulana hufumwa kwa vitanzi vinavyoshikana, na vitanzi hivyo hufunguka unapovikaza ndani ya fremu. Mashine inakuja kushona kiraka cha pamba kisichovutika juu ya fulana iliyotanuliwa, na uzi wa kutarizi nao hauvutiki. Ukilegeza fremu, fulana inataka kurudi katika upana wake wa asili, lakini sehemu iliyo chini ya kiraka imefungwa na haiwezi kurudi. Kitambaa kilicho pembezoni kinarudi peke yake, na hapo ndipo mawimbi yanapozaliwa. Pasi haiwezi kuyaondoa, kwa sababu si mikunjo ya juujuu bali ni tofauti ya vipimo kati ya sehemu mbili za nguo moja.

Kwa hiyo fulana isikazwe kabisa. Kaza kiimarisho peke yake ndani ya fremu, nacho kikaze vizuri, halafu laza fulana juu yake bila kuivuta upande wowote. Ili isisogee, nyunyizia kiimarisho gundi ya muda ya vitambaa, ukifanya hivyo mbali na mashine ili gundi isiingie kwenye mitambo yake, au piga bandi ndefu kwa mkono kuzunguka eneo la mchoro. Mashine nyingi za kutarizi zina uwezo wa kupiga bandi ya mstatili kandokando ya mchoro kabla ya kuanza kazi. Tumia uwezo huo ikiwa mashine yako inao, kwa kuwa nyuzi za bandi huondolewa baadaye bila kuacha alama inayodumu.

Jambo la pili, na kwangu lina uzito sawa na la kwanza, ni aina ya kiimarisho. Kiimarisho cha kuchana hakifai fulana. Satini huchoma sindano mara nyingi sana katika mstari mwembamba, na matundu hayo huikata karatasi ya kuchana kazi ikiwa bado inaendelea, hivyo mashine inapofika katikati ya satini fulana huwa haina tena cha kuishikilia. Kisha wewe mwenyewe unaichana na kuitupa, nayo nguo inaingia kwenye maji bila msaada wowote. Tumia kiimarisho cha kukatwa kwa mkasi, kile kinachobaki ndani ya nguo maisha yake yote. Ukimaliza kushona, kipunguze kuzunguka mchoro ukibakiza kama nusu sentimita hadi sentimita moja, na pembe zake uziviringishe, maana pembe kali ndizo zinazoichoma ngozi ya mtoto.

Kuhusu msongamano wa satini, ulielekea upande usiofaa. Kila uzi unaoongezwa ni uzi mmoja zaidi unaovuta kitambaa kutoka pande mbili. Kwa uzi wa kawaida wa kutarizi wa namba 40, nafasi ya milimita 0.4 kati ya uzi na uzi inatosha, na ikiwa rangi ya uzi inakaribiana na ya kiraka unaweza kuifungua mpaka 0.45 au hata 0.5 bila mtu kuona pengo. Faida kubwa ya aplike ni kwamba kitambaa chenyewe ndicho kinachojaza umbo, na nguo hubaki nyepesi kuliko ambavyo ingekuwa kama umbo lote lingejazwa nyuzi. Tukiusonga mno mstari wa pembeni tunaipoteza faida hiyo.

Mwisho, fua fulana na kitambaa cha viraka kabla ya kushona, vyote viwili. Pamba husinyaa katika maji ya kwanza, na vitambaa viwili tofauti havisinyai kwa kiasi kimoja. Kufua mapema pia kunakuonyesha kama kiraka chekundu kitachuja rangi juu ya fulana nyeupe, jambo ambalo hakuna mshono unaoweza kulirekebisha.

NchaYaMkasi

Nakubaliana na mengi aliyoyasema fundi aliyetangulia, isipokuwa nitaongeza mpaka mmoja. Ushauri wa kuilaza nguo juu ya fremu bila kuikaza ni mzuri kwa fulana, lakini usiufanye kuwa kanuni ya kila nguo. Koti la jinzi, shati la pamba nzito, na vitambaa vingine vilivyofumwa kwa mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana zinazopishana, havivutiki kirahisi, navyo ni vizito. Vikilazwa tu juu ya gundi, uzito wa nguo inayoning'inia nje ya fremu huvivuta wakati mashine inakwenda mbio, na mstari wa satini huhama kutoka kwenye ukingo wa kiraka. Jinzi ikazwe ndani ya fremu pamoja na kiimarisho, na sehemu inayobaki ya koti iwekwe juu ya meza ili isiuburute mkono wa mashine.

Sasa nije kwenye nyuzi zinazochomoza, kwa kuwa hapo tatizo haliko kwenye fremu bali kwenye mkasi. Mchoro wa aplike uliotengenezwa vizuri hupita hatua tatu. Kwanza mashine hushona mstari wa alama unaokuonyesha mahali pa kuweka kiraka. Unaweka kipande cha kitambaa kinachozidi mstari huo pande zote, na mashine hupita tena kwa mshono wa kushikiza. Hapo inasimama ili ukate ziada, na baada ya kukata ndipo satini hushonwa. Katika faili la mchoro kila hatua hupewa rangi yake, hata kama uzi utakaoutumia ni mmoja, kwa sababu mabadiliko ya rangi ndiyo yanayoiamuru mashine isimame. Kama mchoro wako hausimami baada ya kushikiza, tafuta mchoro mwingine au utenganishe rangi hizo katika programu yako.

Wakati wa kukata, toa fremu kwenye mashine lakini usiitoe nguo kwenye fremu. Hata kuilegeza kidogo skrubu ya fremu kunatosha kuharibu ulinganifu, na hutaweza kuirudisha nguo mahali ilipokuwa. Weka fremu juu ya meza tambarare, wala si mapajani, kwa kuwa mkono unaokandamiza kitambaa kutoka juu bila kitu kigumu chini yake hukisogeza. Kata ukiacha milimita moja tu, au moja na nusu, nje ya mshono wa kushikiza. Ukiacha zaidi ya hapo, satini yenye upana wa milimita 3 haitaufunika ukingo, na ukikata mshono wenyewe kiraka kitafunguka siku ya kufua. Mkasi mdogo wenye ncha zilizopinda kuelekea juu, au ule wenye upande mmoja mpana unaokizuia kitambaa cha chini kisikatwe, ni kifaa ambacho singekosa kukinunua kabla ya kununua uzi wa rangi nyingi. Inua ziada kwa mkono wa kushoto, vuta kidogo kuelekea kwako, na ukate kwa mikato mirefu ukizungusha fremu badala ya kuzungusha mkono.

Baadhi ya washonaji hukata viraka kabla, kwa umbo kamili, na kuvibandika ndani ya mstari wa alama. Njia hiyo huokoa muda unapokuwa na nguo nyingi za mchoro mmoja, lakini haisamehe: kiraka kikikaa nje ya mahali pake kwa milimita moja, upande mmoja utaonekana wazi.

Bandika nyuma ya kitambaa cha kiraka gundi ya wavu, ile inayopigwa pasi na kubanduliwa karatasi yake, kabla ya kukiweka kwenye nguo. Gundi hiyo huzuia ukingo usifumuke na hukizuia kiraka kisivimbe katikati. Chagua iliyo nyepesi kabisa, maana ile nzito huifanya sehemu ya kifua ya fulana kuwa ngumu, nayo fulana ikiwa ngumu kifuani haina tena raha ya fulana.

UziMrefu

Nakubali sahihisho kuhusu jinzi. Nilikuwa nikizungumzia fulana pekee.

Kwa swali la kutumia mchoro mmoja kwenye nguo mbili, mchoro wenyewe unaweza kufaa, lakini vinavyouzunguka vitabadilika. Kwa fulana tumia sindano yenye ncha ya mviringo, namba 75/11, ambayo hupita kati ya vitanzi badala ya kuvikata. Kitanzi kimoja kikikatwa hufungua tundu linalokua kila nguo inapofuliwa. Kwa jinzi tumia sindano yenye ncha kali, na ikiwa kitambaa ni kinene panda hadi 90/14. Usiupitishe mchoro juu ya mshono mnene wa bega au wa mgongo, kwa sababu sindano hupinda juu ya tabaka nyingi na satini huonekana imevunjika. Jinzi mpya nayo huchuja rangi ya buluu, basi iloweke na kuifua mpaka maji yatoke safi kabla ya kuiwekea kiraka cheupe.

Ukitaka kuukuza mchoro ili uujaze mgongo wa koti, usiukuze kwenye mashine kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, au moja ya tano ukilazimika. Mashine nyingi huzisogeza tu nyuzi zilezile mbali zaidi bila kuongeza nyingine, nayo satini hubaki na mapengo. Ukuzaji mkubwa ufanywe katika programu inayohesabu upya idadi ya nyuzi.

CherehaniMoja

Naomba kuingiza swali langu hapa kwa sababu linahusiana. Sina mashine ya kutarizi wala fremu. Nina cherehani ya umeme ya kawaida yenye zigizaga. Je, ninaweza kupata aplike safi, au kazi hii ni ya wenye mashine za kompyuta?

NchaYaMkasi

Unaweza kabisa, na kwa maumbo makubwa matokeo yako yanaweza kuwa laini zaidi kwa sababu wewe mwenyewe unaamua kasi katika kila kona. Chora umbo kwenye karatasi ya gundi ya wavu likiwa limegeuzwa, hasa kama ni herufi, kwa kuwa upande unaouchora ni upande wa nyuma wa kiraka. Lipige pasi nyuma ya kitambaa, kata juu ya mstari, bandua karatasi, na ulibandike kwenye nguo kwa pasi. Weka kiimarisho chini ya nguo kama ilivyoelezwa hapo juu. Funga mguu wa cherehani ulio wazi mbele, ili uuone ukingo wa kiraka wakati wote.

Anza na zigizaga yenye upana wa milimita 3 na urefu wa mshono wa milimita 0.4 hivi. Punguza kidogo mkazo wa uzi wa juu ili uzi wa bobini, yaani uzi wa chini, usitokeze upande wa juu. Ijaribu mipangilio hiyo kwenye kipande cha kitambaa kilekile, chenye kiimarisho kilekile, kisha ukigeuze kipande hicho na kukitazama nyuma: uzi wa bobini uonekane kama utepe mwembamba katikati ya satini, ukichukua karibu theluthi moja ya upana, na uzi wa juu uwe umeingia pande zote mbili. Kipimo hicho kinawafaa pia wenye mashine za kutarizi.

Wakati wa kushona, sindano inapokwenda upande wa nje ishukie nje kidogo tu ya kiraka, na inaporudi ishukie juu ya kiraka. Penye mviringo usivute nguo kwa nguvu ili ipinde. Simama sindano ikiwa chini, inua mguu, zungusha nguo kidogo, teremsha mguu, endelea. Kama ukingo unatoka nje, kama mgongo wa samaki, simama sindano ikiwa upande wa nje, juu ya nguo. Kama ukingo unaingia ndani, kama pengo la juu la moyo, simama sindano ikiwa juu ya kiraka. Ukikosea upande, nafasi tupu yenye umbo la kabari hubaki kati ya nyuzi, nayo huonekana kila mara.

MpendaNakshi

Nawashukuru sana. Nimejaribu kwenye kipande cha fulana kuukuu kwa kukaza kiimarisho cha kukata peke yake na kuilaza fulana juu yake, satini ikiwa na nafasi ya 0.45, na baada ya kufuliwa kipande kimelala bila wimbi. Ncha za nyota ndizo bado zinanishinda: satini inarundikana pale juu na kuwa nene kama fundo, na sindano iligonga kwa sauti mara kadhaa. Na je, upande wa ndani niufunike kwa nini?

UziMrefu

Kwenye ncha, satini za pande mbili hukutana na kupandana. Kadiri ncha inavyokuwa nyembamba, ndivyo nyuzi nyingi zinavyoangukia mahali pamoja, na sindano inayogonga inakuambia kwamba inajaribu kupenya kwenye uzi badala ya kitambaa. Katika programu ya michoro tafuta mpangilio unaoifupisha satini inapokaribia kona, au ule unaozikutanisha pande mbili kwa mstari wa mshazari ili zisipandane. Kama huna programu, badilisha umbo: nyota ya mtoto yenye ncha zilizoviringika kidogo huvutia vilevile, hukatika vizuri kwa mkasi, na nyuzi za kiraka hazipati pa kuchomoza. Mimi kwa fulana nyembamba huwa ninaiacha satini kabisa na kuzungushia kiraka mshono wa blanketi, kwa kuwa huweka nyuzi chache zaidi kwenye ukingo, ingawa huhitaji gundi ya wavu nyuma ya kiraka ili ukingo usifumuke.

Kuhusu upande wa ndani, kuna kitambaa laini chepesi kinachovutika, chenye gundi upande mmoja, kinachotengenezwa kwa ajili ya kufunika nyuma ya nakshi. Ukishamaliza kupunguza kiimarisho, kata kipande kinachozidi mchoro kwa sentimita moja kila upande, viringisha pembe, na ukibandike kwa pasi ya joto la wastani. Igeuze nguo upande wa ndani uwe juu na uweke taulo chini yake, ili satini izame kwenye taulo na isibapwe na uzito wa pasi. Nguo hiyo ifuliwe ikiwa imegeuzwa ndani nje, na kama unajua itatiwa dawa ya kung'arisha nguo, shona kwa uzi wa poliyesta, kwa kuwa rangi ya uzi wa reyoni hufifia upesi zaidi ikikutana na dawa hiyo.